Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Tusikimbilie Kufuta Diski

Asubuhi moja tuliikuta kompyuta ya ofisi ya msikiti imegoma. Feni inazunguka, taa inawaka, lakini skrini nyeusi ina sentensi moja tu, yenye kusema kwamba hakuna diski ya kuwashia. Ndani ya diski hiyo mlikuwa na hesabu za michango, orodha ya wanafunzi wa madrasa na majina ya mayatima wanaopokea msaada. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Fundi tuliyempigia simu alitoa hukumu kabla ya kuiona: diski ifutwe, Windows iwekwe upya. Tulikaribia kukubali. Ndipo kijana mmoja wa madrasa, kichwa ameinamisha, akasema: "Ustadh, nisamehe. Jana nilitaka kuiwasha kwa fleshi, nikaingia kwenye BIOS, nikabadilisha kitu."

Ndugu msomaji, BIOS ni programu inayokaa katika ubao mkuu wa kompyuta, wala si katika diski. Kazi yake ni kuamsha vifaa, kisha kuikabidhi Windows uendeshaji. Kwa hiyo anayebadili mipangilio ya kuwashia hafuti faili. Ni mithili ya mtu aliyegeuza kibao cha njia: nyumba iko palepale, mgeni ndiye aliyepotea.

Kijana alikuwa amehamisha hali ya kuwashia kutoka UEFI kwenda Legacy, na Windows iliyowekwa kwa utaratibu wa kwanza haiwaki kwa ule wa pili. Tulichomoa fleshi, tukawasha huku tukibonyeza F2 (kompyuta nyingine hutumia Delete), tukarejesha UEFI, tukaiweka diski kuwa ya kwanza, kisha tukahifadhi kwa F10. Muda si mrefu majina ya mayatima yalikuwa mbele yetu, kamili, alhamdulillahi.

Kwa aliyesahau alichobadilisha, BIOS ina sehemu ya kurejesha mipangilio ya awali. Skrini isipoonesha chochote, kompyuta ya mezani izimwe, waya wa umeme uchomolewe, kisha betri ya duara mfano wa sarafu, CR2032 ya volti 3, itolewe kwa dakika chache na kurudishwa. Saa na tarehe zitapotea, faili hazitaguswa. Ila kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker yaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Basi ufunguo huo uhifadhiwe mapema, nje ya kompyuta. Na kama BIOS yenyewe haiioni diski kabisa, huenda waya umelegea au diski imeharibika. Hapo aitwe fundi, naye aambiwe aokoe faili kwanza.

Tangu siku ile, kabla ya kugusa mpangilio wowote tunaupiga picha kwa simu, na kila wiki tunanakili kumbukumbu zetu katika diski ya pembeni. Kazi hiyo ya kunakili amepewa kijana yuleyule. Wapo waliotaka afukuzwe ofisini. Tuliwajibu kwamba lau angalituogopa, angalinyamaza, nasi tungalifuta kwa mikono yetu kile ambacho yeye hakukifuta. Wazazi wenzetu, mtoto anayekiri kosa la kompyuta asikilizwe kwanza. Huenda maneno yake ndiyo nusu ya matengenezo.