Sura ya Tano: Jina la Mtaa Halilindi Mtu

Mtu anayehamia Dar es Salaam kutoka Mbeya, Mwanza au Bujumbura huanza kwa kuwauliza ndugu na rafiki zake waliotangulia: mitaa gani ina usalama? Anachojibiwa ni orodha ya majina. Ataambiwa Masaki na Oysterbay ni kwema ukiwa na pesa, Sinza si haba, lakini Tandale, Manzese na Buguruni ajihadhari. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, ongezeko la zaidi ya milioni moja tangu sensa ya 2012. Katika mji unaokua kwa kasi hiyo, wengi wa wanaouliza ni wageni, na wengi wa wanaojibu wanarudia walichoambiwa walipokuwa wageni wao. Sura hii inatetea hoja moja: jina la mtaa ni kipimo kibovu cha usalama. Kinachofaa kupimwa ni kitu kidogo zaidi, yaani kiwanja nyumba iliposimama na ile njia inayotoka kituo cha daladala mpaka mlangoni.

Sifa za majina hayo hazikuzaliwa na wezi. Wajerumani, na baada yao Waingereza walioushika mji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu. Kwenye karatasi kigezo kilikuwa aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa, lakini nyuma yake kulikuwa na rangi ya mtu. Uzunguni kulikuwa na viwanja vikubwa upande wa bahari, eneo lililosogea baadaye mpaka Oysterbay. Uhindini kulikuwa na maduka na nyumba za ghorofa katikati ya mji. Uswahilini kulianzia Kariakoo, kukaenea kuelekea Ilala na Magomeni. Kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo wazi la Mnazi Mmoja, kwa hoja kwamba maradhi ya Waafrika yasivuke. Lami, mitaro na taa za barabarani vilifuata mgawanyo huo, na heshima ya mitaa ikafuata lami. Mtu anaposema leo kwamba eneo fulani ni la "uswahilini sana", mara nyingi anazungumzia msongamano, vumbi na kelele, na msikilizaji anaelewa hatari. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kunawagharimu wapangaji fedha na wakati mwingine maisha.

Uhalifu wenyewe hautandazwi sawasawa juu ya mtaa. Mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake walichapisha uchunguzi wa simu zilizopigwa polisi katika jiji la Minneapolis, Marekani, wakakuta kwamba takribani nusu ya simu zote zilitoka katika asilimia 3 tu ya anwani. Baadaye David Weisburd alikuta mrundikano wa namna hiyo katika miji mingine, ikiwemo Tel Aviv-Jaffa, ambayo haifanani na Minneapolis kwa hali ya hewa, historia wala ramani. Ndani ya eneo lenye sifa mbaya kuna njia nyingi tulivu, na ndani ya eneo lenye sifa nzuri kuna kona chache zinazobeba karibu balaa lote. Atakayesema huko ni kwao, huku ni kwetu, atakuwa na haki ya kuuliza, lakini sababu za mrundikano huo zipo hapa pia. Mkwapuaji wa simu anahitaji mahali pa kusubiri bila kuulizwa, watu wanaopita wakiwa na haraka au mmoja mmoja, na pa kukimbilia. Ukuta mrefu usio na mlango, nyumba ambayo haijaisha kujengwa, daraja la watembea kwa miguu lisilo na taa, kichochoro kinachotokea barabara kubwa ambapo pikipiki inangoja: hivi ndivyo vinavyompa nafasi, na vinaweza kuwa Mikocheni sawa na Mwananyamala.

Jane Jacobs, mwandishi aliyeishi New York na kutoa mwaka 1961 kitabu mashuhuri juu ya maisha na kifo cha miji ya Marekani, alieleza kwa nini njia moja hukaa salama na ya pili isikae. Kwake, ulinzi wa kwanza wa barabara si polisi bali watu walio hapo kwa shughuli zao, wanaotazama bila kukusudia kulinda. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kwenda New York kuelewa hili. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele, imejengwa ikitazama njia. Kwenye baraza kuna mzee na redio yake, pembeni mama anayekaanga mihogo, mbele kidogo genge la nyanya na vitunguu, kisha fundi cherehani ambaye hafungi mpaka saa tatu usiku. Mgeni akipita mara ya tatu ataulizwa anamtafuta nani. Linganisha na njia yenye kuta za mita tatu pande zote, nyaya za umeme juu na geti la chuma kila baada ya hatua hamsini. Kila nyumba ndani yake ni ngome, lakini anayetembea nje, na wengi wetu hutembea, hana shahidi. Dada wa kazi anayetoka saa kumi na mbili na nusu jioni kwenda kituoni hulipia gharama ya kuta hizo ingawa hakuzijenga.

Macho peke yake, hata hivyo, hayatoshi. Lazima mwenye macho awe tayari kusema neno. Robert Sampson, Stephen Raudenbush na Felton Earls walipima jambo hili Chicago kwa mahojiano na wakazi 8,782 wa vitongoji 343, na matokeo yao yakatoka mwaka 1997. Waliuliza kama majirani wanaaminiana, na kama wangeingilia kati wakiona watoto watoro wa shule wakizurura au vurugu mbele ya nyumba. Pale ambapo jibu lilikuwa ndiyo, ukatili ulikuwa mdogo, hata baada ya kuzingatia umaskini wa eneo. Kwa mpangaji, maana yake ni kwamba ukaribu wa majirani unaweza kuchunguzwa kama vile bomba la maji linavyochunguzwa. Je, mjumbe anafahamika kwa sura au kwa mhuri tu? Ulinzi shirikishi unafanya kazi, au umebaki kuwa mchango unaokusanywa? Watoto wakipigana njiani, mtu mzima asiye mzazi wao anawaamua?

Hapa kuna pingamizi zito, na linatoka kwa wanawake hasa. Kijiwe chenye watu kumi ni macho ishirini, lakini ni macho ya nani? Msichana anayepita akiitwa, akifuatwa na kushikwa mkono hawezi kuambiwa kwamba analindwa. Pingamizi hili ni la kweli na linanilazimisha kusahihisha hoja, sio kuiacha. Kinachotakiwa ni mchanganyiko: njia yenye wake kwa waume, wazee na watoto, ambapo mama ntilie na muuza duka wanaweza kumkaripia kijana naye akanyamaza. Kijiwe cha vijana watupu kwenye kona isiyo na biashara nyingine ni kitu tofauti kabisa na kijiwe cha bodaboda kilichosajiliwa, chenye kiongozi na vizibao vya kazi, mbele ya duka la dawa. Kwa hiyo mwanamke anayehama ndiye apewe neno la mwisho katika kuipima njia, wala asiamuliwe na kaka au mume ambaye hatapita humo peke yake. Pingamizi la pili ni kwamba majirani hawawezi kuzuia kundi lenye mapanga, kama yale magenge ya vijana yaliyoitwa Panya Road yaliyovamia nyumba mwaka 2022. Ni kweli hawawezi, na hapo ni kazi ya polisi. Ila matukio ya namna hiyo hayakuchagua mitaa kwa sifa zake za zamani, kwa hiyo hayamrudishi mtu kwenye orodha ya majina.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba hatari ni mtu. Dar es Salaam, maji yameua na kufukarisha familia nyingi, na dalali hayataji hata kidogo. Desemba 2011 mvua zilijaza bonde la Mto Msimbazi. Watu zaidi ya 40 walikufa, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, mbali na kazi na shule zao. Mafuriko yamerudi Jangwani mara nyingi tangu hapo, mpaka karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale ikawa inazama. Maji nayo hayajali hadhi: Msasani Bonde la Mpunga na sehemu za Mikocheni, kwenye kodi za juu, hufurika masika yakikaza. Nairobi wanalijua jambo hili vilevile. Aprili 2016 jengo la ghorofa lililokuwa kando ya mto huko Huruma liliporomoka wakati wa mvua na kuua karibu watu 50. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mwisho wa mwaka 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa alama nyekundu ya X na nyingi zikabomolewa. Mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka katika nyumba ya namna hiyo hupoteza makazi kwa mvua au kwa tingatinga.

Bahati nzuri maji huacha ushahidi, na anayetazama atauona hata kiangazi. Angalia ukuta wa nje kuanzia chini: mstari wa rangi ya udongo unaokwenda sawasawa kuzunguka nyumba, au rangi mpya iliyopakwa mpaka usawa wa kiuno tu huku juu imepauka. Plasta iliyovimba na kumomonyoka kwa chumvi karibu na sakafu. Matofali yaliyojengewa kizingiti mlangoni ili mtu aruke kuingia ndani. Nyumba za jirani, tazama kama kabati na friji vimepandishwa juu ya matofali, na kama swichi za umeme zimehamishiwa juu kuliko kawaida. Mtaro ulio mbele, ufuate kwa miguu uone unakoishia; mingi huishia kwenye kiwanja cha mtu. Kisha muulize mpangaji wa chumba cha pili, mwenye nyumba akiwa hayupo: masika iliyopita mlilala wapi?

Barabara ni hatari nyingine inayosahaulika kwa sababu haina uso. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa familia yenye mtoto wa darasa la pili, swali la kama anavuka Barabara ya Mandela au Bagamoyo kwenda shule ni zito kuliko swali la kama eneo lina vibaka. Na hapa pia tofauti ni ya njia, sio ya mtaa. Shirika la Amend limefanya kazi kuzunguka shule za msingi za Dar es Salaam, likijenga vijia vya miguu, matuta na vivuko, na tathmini ilionyesha majeraha ya watoto yakipungua kwa karibu robo. Tuta moja na kivuko kimoja vinaweza kuifanya nyumba ya Temeke kuwa salama kwa mtoto kuliko nyumba ya kifahari iliyo kando ya barabara kuu.

Ndani ya nyumba nitapita haraka, maana sura ya saba inashughulika na moto. Madirisha yenye nondo zilizochomelewa zote bila moja inayofunguka, pamoja na mlango mmoja tu, humfungia mwizi nje na mwenye nyumba ndani siku mtungi wa gesi unapolipuka.

Linabaki pingamizi la wenye kipato kidogo, nalo ndilo linalosikika zaidi: mtu hachagui, anapanga anapoweza. Ndiyo, kodi huamua eneo. Lakini haiamui nyumba. Kwa kodi ileile ya chumba na sebule Mbagala, Kimara au Tabata, kuna chumba kilichoko dakika tano kutoka kituoni kwa njia yenye maduka, na kuna kilichoko bondeni nyuma ya ukuta wa kiwanda. Tofauti kati yao haina bei, kwa sababu dalali hulipwa mpangaji akishika funguo, sio akilala salama. Asiye na akiba ndiye anayehitaji uchunguzi huu kuliko wote, maana tajiri maji yakiingia atahamia hotelini. Gharama yake ni nauli ya kwenda mara mbili: mara moja jioni saa ambayo kwa kawaida atakuwa anarudi kutoka kazini, akitembea kutoka kituoni kwa miguu, na mara moja baada ya mvua. Dalali anayekataa kuonyesha nyumba jioni ameshajibu swali.

Kikwazo halisi ni kodi ya miezi sita au mwaka inayodaiwa mapema, kwa kuwa inamfunga mtu kabla hajayajua mazingira. Wapo wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu wakiombwa kwa heshima na mpangaji mwenye barua ya utambulisho, na inafaa kuomba. Lakini mzigo huu usiachwe kwa mgeni peke yake. Ofisi ya serikali ya mtaa, ambako kila mhamiaji hutakiwa kujitambulisha, inajua nyumba zipi zilijaa maji, kona ipi watu huporwa, na nyumba zipi zina alama ya X iliyofutwa kwa chokaa. Mwenyekiti au mtendaji aliyemwandikia mtu barua anaweza kumweleza hayo kwa dakika kumi, na mgeni ana haki ya kuyauliza kabla ya kutoa fedha yake, siyo baada ya kuhamisha vyombo.