Duka la Dola Moja la Kentucky

Kisa cha leo ni cha kweli, na kinaanzia Kentucky, jimbo la Marekani lenye vilima na mashamba ya tumbaku. Mwaka 1902 mtoto mmoja wa huko, James Luther Turner, alifiwa na baba yake katika ajali. Alikuwa na miaka 11 tu. Akaacha shule, akashika kazi, na darasani hakurudi tena; mpaka uzeeni kusoma kulimpa taabu. Alipokua alifungua duka, likamshinda. Akafungua la pili, nalo likamshinda. Basi akawa muuzaji wa kuzunguka, akiuzia maduka ya vijijini bidhaa za mfanyabiashara wa jumla wa mji wa Nashville.

Ulipokuja mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, maduka mengi ya vijijini yalifilisika. Turner akaanza kununua maduka hayo yaliyokufa. Alichukua mzigo wote uliobaki kwa bei ya kutupa, akauuza upesi, kisha akaenda kutafuta duka jingine. Mwanawe, Cal, alifuatana naye tangu akiwa mdogo. Mimi naamini hiyo ndiyo shule iliyowatajirisha, maana waliona kwa macho yao duka linavyokufa: mzigo ulionunuliwa ghali, gharama kubwa za kuliendesha, na wateja wasio na fedha.

Mwaka 1939 baba na mwana walitoa dola 5,000 kila mmoja, wakaanzisha biashara ya jumla katika mji mdogo wa Scottsville. Baadaye wakaingia kwenye rejareja. Cal akaona jambo moja huko Louisville na Nashville: maduka makubwa ya mjini yalikuwa na siku maalumu za kuuza vitu kwa dola moja, na watu walifurika. Akajiuliza, kwa nini isiwe kila siku? Tarehe 1 Juni 1955, katika mji wa Springfield, Kentucky, duka la kwanza la Dollar General lilifungua milango. Humo hamkuwa na kitu cha zaidi ya dola moja. Mama mwenye dola nne mkononi alijua, kabla hajafika kwa keshia, kwamba vitu vinne hawezi kuvikosa. Hakuhitaji kalamu wala kuona aibu ya kurudisha kitu kwenye rafu. Kufikia mwaka 1957 maduka yalikuwa 29.

Mzee Turner alifariki mwaka 1964. Mwaka 1968 kampuni iliingia soko la hisa, na kadiri bei za vitu zilivyopanda, kikomo cha dola moja kiliachwa. Lakini umbo la biashara lilibaki, na hilo ndilo nataka mlielewe vizuri.

Mjue kwanza kwamba duka kubwa kabisa, kama yale ya Walmart, linaweza kuwa na bidhaa zaidi ya 100,000. Duka la namna hiyo linahitaji maelfu ya wateja, kwa hiyo haliwezi kuishi kwenye mji wa watu 2,000. Dollar General ikachagua kuishi hapo hapo, mahali ambapo mkubwa hawezi kutia mguu. Jengo lake kwa kawaida ni la kupanga, tena ni rahisi: boksi la bati kando ya barabara, kwenye kiwanja cha bei nafuu. Bidhaa zake ni kama 10,000 hadi 12,000, zile zinazokwisha nyumbani kila wiki: sabuni, karatasi za chooni, maziwa, biskuti, chakula cha mbwa. Wafanyakazi wa zamu moja mara nyingi ni wawili au watatu. Duka likiwa na gharama ndogo hivyo, hata wateja wachache wanatosha kulilipia.

Katika kila dola inayoingia, takriban senti 80 hutokana na vitu hivyo vya matumizi ya kila siku. Lakini faida kwa kila kitu humo ni nyembamba. Faida nene iko kwenye vitu vingine: mapambo ya sikukuu, vyombo, midoli, nguo. Mteja huja kwa ajili ya maziwa, akapita kwenye rafu ya midoli akiwa na mtoto. Mnaona ujanja huo?

Halafu kuna ukubwa wa pakiti. Tuseme pakiti ya sabuni ya gramu 200 inauzwa dola 1, na mfuko wa kilo 2 dola 7. Mtu akinunua pakiti ndogo kumi atapata kilo zile zile 2, lakini atakuwa ametoa dola 10. Hata kwetu, anayenunua mafuta ya kula kwa kipimo kwenye duka la mtaani hulipa zaidi kwa lita kuliko anayebeba dumu zima. Msimcheke mtu huyo. Kama mfukoni ana dola 4, na mshahara ni Ijumaa, na mfuko mkubwa uko kilomita 40 kutoka kwake, petroli ya kwenda na kurudi itaumeza unafuu wote. Amepiga hesabu sawasawa. Duka limemuuzia ukaribu pamoja na sabuni.

Ukaribu huo umekuwa biashara kubwa sana. Mwaka 2024 kampuni ilifungua duka lake la 20,000, huko Alice, Texas, na takriban Wamarekani 3 kati ya 4 wanaishi ndani ya kilomita 8 kutoka kwenye duka lake mojawapo.

Gharama ndogo, hata hivyo, kuna mtu anayeibeba. Lori likishusha mzigo na wafanyakazi ni wawili, masanduku hujaa kwenye njia. Wakaguzi wa serikali walikuta mara nyingi milango ya dharura imezibwa, na mwaka 2024 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 12 na kurekebisha hali hiyo. Tena yupo muuza vyakula wa zamani katika mji mdogo, mwenye nyama na mboga mbichi. Wateja wakihamishia sabuni na soda zao kwa jirani mpya, yeye hubaki na nyanya zinazooza, na wengine hufunga. Dollar General imeanza kuweka mboga na matunda katika maelfu ya maduka yake, ila mengi bado hayana.

Miji mingine imejitafutia njia yake. St. Paul, katika jimbo la Kansas, ni mji wa watu wapatao 600, na ulikaa zaidi ya miaka 20 bila duka la vyakula. Wakazi wakajenga la kwao, likafunguliwa mwaka 2008, na mwaka 2013 serikali ya mji ikalichukua iliendeshe yenyewe. Pale faida haitafutwi kwa nguvu: duka likilipa mishahara na umeme, na nyama ikawepo kwenye friji, mji umepata ulichotaka.