Kubisha Hodi kwa Kiingereza: Ufunguzi wa Maelezo ya Kibiashara kwa Mzungumzaji wa Bunia

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na uanachama wake ukaanza kutekelezwa tarehe 11 Julai mwaka huo. Kwa watu wa Bunia tukio hilo halikuanzisha biashara na Uganda. Kahawa, kakao na mbao za Ituri zilikuwa zikipitia Mahagi au kuvuka Ziwa Albert miaka mingi kabla yake. Hata hivyo, mfanyabiashara wa Bunia aliyezoea kupatana bei mpakani kwa Kiswahili sasa ana sababu zaidi ya kwenda kusimama mbele ya wanunuzi na mabenki ya Kampala au Nairobi, akaeleze shughuli zake kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba mwezi Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliafiki Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini maazimio ni jambo moja na meza ya mnunuzi ni jambo jingine.

Makala haya yanahusu dakika mbili za kwanza za maelezo ya namna hiyo. Dai letu ni kwamba mzungumzaji wa Bunia anapokwama katika dakika hizo, mara nyingi si kwa uchache wa msamiati. Hukwama kwa sababu anaingia katika Kiingereza kwa milango miwili ya lugha nyingine, na kila mlango una adabu yake.

Mlango wa kwanza ni wa Kiswahili. Kwetu, kuanza kusema ni kubisha hodi: msemaji husalimu, huuliza hali, huwashukuru wenyeji kwa nafasi, ndipo ajitaje yeye na wale waliomtuma. Haya si maneno ya kupoteza wakati. Ndiyo yanayompa haki ya kusikilizwa, na mtu anayeyaruka huonekana amevamia. Mlango wa pili ni wa Kifaransa cha ofisi, ambacho huwataja waheshimiwa kwa ngazi zao, kisha huwajumlisha waliobaki kwa maneno yenye maana ya «kila mmoja kwa cheo na hadhi yake». Mtu akitafsiri fungu hilo sisisi, husema «each according to his quality». Mbele ya wanunuzi wa kahawa neno hilo lina kazi nyingine kabisa: ni ubora wa buni. Wataanza kujiuliza ni gunia gani linalozungumziwa.

Kiingereza cha biashara hakikosi adabu, ila adabu yake huonyeshwa kwa kuuhurumia muda wa msikilizaji. Msikilizaji huyo anataka kujua mapema mambo matatu: ni nani anayesema, ana kitu gani, na anataka nini kwake. Tuchukue mfano wa kubuni wa mjumbe wa ushirika wa wakulima wa Mahagi. Angeweza kuanza hivi: «Good morning, and thank you for having us. We are 340 coffee growers from Mahagi. We have 38 tonnes of arabica in store, and we are looking for a buyer before June.» Salamu imo, shukrani imo, tena jina la mahali limetangulia jina la msemaji. Historia ya ushirika, shida za barabara na mpango wa miaka mitano vina nafasi yake baadaye, wakati msikilizaji ameshapata sababu ya kuvisikiliza.

Hatari kubwa zaidi imo katika maneno yanayofanana. Katika shule za Ituri mtoto huanza na Kiswahili, akaingia katika Kifaransa, na Kiingereza akakikuta sekondari, mara nyingi kikifafanuliwa kwa Kifaransa. Matokeo yake ni kwamba Kifaransa hujificha ndani ya Kiingereza chake hata pale anapodhani amekiacha. Mfano mzito kuliko yote ni kitenzi «demander», ambacho ni kuomba tu. Pacha wake wa Kiingereza, «demand», ni kudai kwa nguvu. Basi mtu aliyekusudia unyenyekevu husimama na kusema «I demand ten minutes», na unyenyekevu wote wa salamu zake huanguka hapo hapo. Atumie «ask». Vivyo hivyo kampuni yake isiwe «society», ambayo ni chama au jamii, bali «company». Waliohudhuria wasiwe wale walio-«assist», yaani waliosaidia. Na mambo ya sasa yasitanguliwe na «actually», neno ambalo humfanya msikilizaji adhani kwamba anasahihishwa.

Tarakimu nazo zina lugha zao. Kwa desturi ya Kifaransa koma hutenga desimali, na nukta huweza kutenga maelfu. Kwa Kiingereza ni kinyume. Karatasi ya kwanza ikiandikwa 2.500, mwandishi wa Bunia amekusudia elfu mbili na mia tano, lakini msomaji wa Kampala anaweza kuona mbili na nusu. Kosa hili haligunduliki kwa sikio, na linaweza kuharibu mkataba mzima. Tena «milliard» ya Kifaransa ni «billion» ya Kiingereza cha leo, wakati «billion» ya Kifaransa ni kubwa mara elfu moja zaidi. Kiasi kitajwe kwa mdomo na kuandikwa kwa maneno pia, pamoja na kipimo na aina ya fedha.

Swali hubaki: je, mzungumzaji aanze kwa salamu ya Kiswahili kabla ya Kiingereza? Nairobi twaona haina shida, na huenda ikampunguzia hofu. Kampala yataka busara zaidi. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaafiki kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini wapo wazee ambao kwao bado ni lugha ya askari, kumbukumbu ya utawala wa Idi Amin wa 1971 hadi 1979. Sentensi moja ya salamu yatosha, kisha msemaji atazame nyuso.

Kwa walimu wa Kiingereza wa Bunia tungependekeza zoezi dogo. Mwanafunzi asikariri hotuba nzima, kwani akisahau neno moja yote hupotea. Akariri sentensi tatu za kwanza tu, azitamke kwa sauti mbele ya mwenzake asiyejua habari yenyewe, kisha mwenzake huyo aseme kwa Kiswahili kinachouzwa ni nini, ni kiasi gani, na anaombwa afanye nini. Akishindwa kujibu moja kati ya hayo, sentensi ziandikwe upya.