Kwa Nini Serikali ya Brazili Iliichoma Kahawa Yake

Katika likizo iliyopita nilimsomea Babu yangu habari moja iliyomo katika daftari langu la Historia, naye akanikatiza kabla sijafika mwisho. Habari yenyewe ni hii, kwamba kati ya mwaka 1931 na mwaka 1944 Serikali ya Brazili iliichukua kahawa kutoka kwa wakulima wake, kisha ikaiteketeza kwa moto au kuimwaga baharini, na jumla ya kahawa iliyopotezwa hivyo ilikuwa yapata magunia milioni 78, kila gunia kilo 60. Babu ni mkulima wa kahawa huko Kilimanjaro, au niseme alikuwa mkulima wa kahawa, maana mwaka 2001 bei ilipoanguka aling'oa sehemu kubwa ya miti yake akapanda mahindi na nyanya, na Baba yangu akaacha shule akiwa Kidato cha Pili kwa kukosa ada. Basi Babu aliposikia habari ile alicheka kwanza, halafu akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Mjukuu wangu, mtu achomaye kahawa ama ana wazimu ama yuko mwingine anayemlipia. Katafute ni lipi."

Nimetafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Yafaa ijulikane kwanza kwamba Brazili ya siku zile iliishi kwa kahawa kama vile mtu aishivyo kwa ugali. Zaidi ya nusu ya kahawa yote iliyouzwa duniani ilitoka huko, na katika fedha walizopata kwa kuuza bidhaa nje, karibu sehemu saba katika kumi zilikuwa za kahawa. Mashamba makubwa yalikuwa katika jimbo la São Paulo, na bandari yake ilikuwa Santos. Matajiri wa mashamba hayo ndio waliokuwa na sauti katika nchi, hata ikawa kila bei ilipotaka kushuka, Serikali iliingia sokoni kuwasaidia. Jambo hilo lilianza mwaka 1906, majimbo matatu ya São Paulo, Minas Gerais na Rio de Janeiro yalipopatana huko Taubaté kwamba yatakopa fedha, yanunue kahawa iliyozidi, na kuiweka ghalani mpaka mwaka wa mavuno haba.

Ujanja huo ulifaa, lakini ulikuwa na sumu ndani yake. Wenzetu watokao katika nchi ya kahawa wanaelewa kwamba mkahawa si kunde. Ukiupanda leo, utangoja miaka minne au mitano ndipo uchume vizuri. Kwa hiyo bei ilipokuwa nzuri katika miaka ya 1920, kwa sababu Serikali iliishikilia, kila mtu alipanda, wala hakuna aliyeona ubaya mpaka miti ile yote ilipokomaa kwa pamoja. Kufika mwaka 1929 mavuno yalikuwa kama magunia milioni 28, na walaji wa nje walikuwa wakinunua kutoka Brazili nusu yake tu, milioni 14 hivi. Maghala yalijaa. Na mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, soko la hisa la New York likaanguka, na mabenki ya nje yaliyokuwa yakiikopesha São Paulo yakafunga mikono.

Sasa hebu tazameni bei. Mwezi wa Septemba 1929 ratili moja ya kahawa iliuzwa kwa senti 22 na nusu za Kimarekani. Miaka miwili baadaye ilikuwa senti 8. Nilimwambia Babu tarakimu hizo, naye hakushangaa hata kidogo.

Rais wa Brazili wakati ule alikuwa Washington Luís. Yeye aliamini yale yaliyoaminiwa na wakubwa wengi wa dunia, kwamba Serikali katika shida ibane matumizi, ilinde thamani ya fedha yake kwa dhahabu, na kungoja. Wenye mashamba walipomwendea kuomba mkopo, aliwakatalia. Dhahabu ikazidi kutoka nchini mpaka ikamalizika, na thamani ya fedha ikaanguka vilevile. Tarehe 24 Oktoba 1930 majeshi yalimwondoa madarakani, na mwezi uliofuata akaingia Getúlio Vargas, mtu wa kusini, kutoka Rio Grande do Sul, ambaye alikuwa ameshindwa katika uchaguzi wa mwezi Machi mwaka ule. Mimi namwona Washington Luís kuwa mtu mwaminifu aliyefuata kitabu kisichofaa.

Vargas naye hakuwa na kitabu. Alikuwa na maghala yaliyojaa na wakulima wenye madeni, na mavuno mengine makubwa yalikuwa mtini. Kuiuza kahawa yote kungeiua bei kabisa. Kuiweka kulihitaji maghala mapya, na ilijulikana kwamba haitauzwa kamwe. Kuiacha ioze mtini kungewafukuza watu mashambani bila kitu. Hivyo mwaka 1931 ikaundwa halmashauri ya taifa ya kahawa, na moto ukaanza. Milima ya kahawa iliwashwa karibu na Santos, na nyingine ilitiwa katika matanuri ya gari la moshi mahali pa makaa. Harufu, wasema, ilifika mbali. Mwaka 1932 ikapigwa marufuku kupanda mikahawa mipya, na mwaka 1933 Serikali ikafuta nusu ya madeni ya wakulima, nayo ikachukua juu yake kuwalipa wadai kwa hati.

Hapa ndipo wengi wetu darasani tulipobishana, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema kwamba ule ulikuwa upumbavu mtupu. Mwalimu wetu akatuambia tufuatishe fedha, tusitazame moshi. Tukafuatisha. Mwenye shamba amelipwa kwa kahawa itakayochomwa. Bei aliyolipwa ni ndogo, lakini ni bei. Kwa fedha hiyo ameweza kuwabakiza watu wa kuchuma na kupalilia, nao wakaenda dukani kununua kitambaa na sukari. Zamani kitambaa hicho kingetoka Uingereza, lakini sasa fedha ya Brazili, milreis, imeanguka thamani na vitu vya nje havinunuliki. Mwenye duka akaagiza kitambaa kutoka viwanda vya São Paulo, ambavyo mitambo yake ilikuwa imelala, na mitambo ikazunguka mchana na usiku. Mwaka 1933 viwanda vya Brazili vilikuwa vimekwisha kuinuka, wakati Marekani ilikuwa katika mwaka wake mbaya kuliko yote. Wenye mashamba wengine wakageukia pamba, nayo ikalisha viwanda hivyo.

Bwana Celso Furtado, mtaalamu wa uchumi wa Brazili, aliandika kitabu mwaka 1959 akasema kwamba Serikali ile, bila kujua, ilifanya kile ambacho Mwingereza Keynes alikuja kukieleza kwa nadharia mwaka 1936. Keynes alisema, kwa dhihaka kidogo, kwamba katika mashaka makubwa hata kulipa watu wachimbue noti zilizofukiwa ardhini ni bora kuliko kuwaacha wakae bure. Vargas alikuwa na kahawa badala ya mashimo.

Lakini swali la Babu lilikuwa: nani alilipa? Si Serikali peke yake. Mwaka 1931 iliwekwa kodi ya shilingi 10 za Kiingereza juu ya kila gunia litokalo nchini, na baadaye ikapandishwa ikawa 15. Maana yake gunia jema lililopanda meli lililipia gunia lililokwenda motoni. Tena wakulima walidaiwa watoe sehemu ya mavuno yao kwa bei ya chini sana, na sehemu hiyo wenyewe waliiita fungu la kafara. Yaliyopungua yalijazwa kwa mikopo na fedha mpya. Mtaalamu mwingine, Carlos Manuel Peláez, alimpinga Furtado kwa sababu hiyo hiyo, akisema kwamba ikiwa sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa kodi ya wakulima wenyewe, basi Serikali haikutia kitu kingi kipya katika uchumi. Wataalamu wameendelea kubishana. Mimi naona Furtado ana nguvu zaidi, kwa kuwa kodi ile ililipwa kwa sehemu na wanywaji wa ng'ambo, na bei isiposhikiliwa wangeinywa kahawa ile karibu bure.

Nilipomwandikia Babu hayo, alinijibu kwa mkono wa shangazi kwa swali lingine: "Na vibarua?"

Swali hilo lilinipa kazi zaidi ya yote. Waliofanya kazi katika mashamba ya São Paulo waliitwa colono, na wengi wao walikuwa watu waliokuja na jamaa zao kutoka Italia, Hispania, Ureno na Japani. Walilipwa kwa hesabu ya miti waliyoitunza, nao waliruhusiwa kupanda mahindi na maharagwe kwa ajili yao, mara nyingi katikati ya safu za mikahawa. Bei ilipoanguka ujira wao ulipunguzwa, na mahindi yale ndiyo yaliyowaokoa. Vargas aliunda Wizara ya Kazi mwaka 1930 na baadaye akatoa sheria nyingi za kuwalinda wafanyakazi, hata kima cha chini cha mshahara mwaka 1940. Lakini hata sheria ile kubwa ya kazi ya mwaka 1943, kwa sehemu yake kubwa, haikuwagusa watu wa mashamba. Mwenye shamba alifutiwa nusu ya deni, na mchumaji alibaki na mahindi yake.

Kuna mwingine aliyefaidika bila kulipa, na habari hii yatuhusu. Brazili ilipoishikilia bei, Colombia iliendelea kupanda kwa raha, na vivyo hivyo makoloni ya Afrika. Chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933, wakati moshi wa Santos haujazimika, kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU, ambacho babu yake Babu alikipelekea kahawa. Brazili ilichoka kuwa mwavuli wa wengine, na mwezi wa Novemba 1937 ikapunguza kodi na kuuza kwa wingi. Baadaye nchi nyingi zilikubaliana kugawana soko, kwa mapatano ya mwaka 1962, na mapatano hayo yalishikilia bei mpaka mgao ulipovunjika mwaka 1989. Miaka kumi na miwili baada ya hapo Babu alichukua shoka.

Bado amebakiza safu tatu nyuma ya nyumba, na amekwisha kusema mara mbili kwamba ataziondoa. Likizo ya Juni nitamsomea makala haya yote. Sehemu ya vibarua ndiyo atakayotaka irudiwe.