Kabla ya Kufuata Sifa, Ujue Sababu Yake

Ujumbe huingia katika kundi la WhatsApp la familia: "Nimenunua blenda hii kwa bei nafuu, imefika kesho yake tu. Nanyi agizeni hapa." Chini yake pana picha na kiungo cha duka. Aliyeutuma ni shemeji, mtu wa kuaminika. Wapo walaji ambao hulipa papo hapo kwa simu, ingawa muuzaji hawamjui. Imani waliyonayo kwa ndugu wameihamishia kwa bidhaa. Kwa hiyo yafaa kila mlaji afahamu kinachomsukuma mnunuzi kueneza sifa za kitu alichokinunua.

Swali hili si geni. Mwaka 1966, mwanasaikolojia Ernest Dichter, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Marekani, alieleza kwamba mtu hazungumzii bidhaa isipokuwa mazungumzo hayo yanamletea ridhaa fulani. Mwaka 2004, utafiti uliowahusisha watu zaidi ya 2,000 waliotumia majukwaa ya maoni mtandaoni nchini Ujerumani ulibainisha misukumo mikuu minne: kuwajali wengine, kufurahia ushirika wa wenzao, kutaka kuthaminiwa, na kupata faida ya fedha.

Anayewajali wenzake husema kwa nia njema, lakini nia njema haizuii kukosea. Sifa zilizoandikwa siku bidhaa ilipopokelewa haziwezi kueleza kama itadumu miezi mitatu. Anayefurahia ushirika huweza kurudia sifa zinazosemwa na wenzake kabla hajaipima bidhaa mwenyewe. Anayetaka kuonekana mjuzi huona vigumu kukiri kasoro. Aliyelipa fedha nyingi naye huweza kusifia ili ajiridhishe kwamba hakupotea.

Faida ya fedha ndiyo iliyojificha zaidi. Baadhi ya maduka ya mtandaoni humpa mnunuzi kiungo chenye alama inayomtambulisha. Kila anayenunua kupitia kiungo hicho humpatia mtumaji kamisheni, punguzo au pointi. Kulipwa si kosa; kosa ni kuficha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni hata kizuri hutembezwa, hivyo mlaji hana budi kujua ni nani anayekitembeza na kwa malipo gani.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza vitendo vya kupotosha au kudanganya katika biashara. Marekani nayo ina kanuni, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, inayopiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo kuhusu bidhaa. Hata hivyo, aghalabu sheria humfikia mdanganyifu baada ya fedha kuondoka. Kinga ya kwanza imo mikononi mwa mlaji mwenyewe.

Kabla ya kulipa, muulize aliyekushauri maswali matatu:

1. Umeitumia bidhaa hiyo kwa muda gani?
2. Umeona kasoro gani?
3. Je, nikinunua, wewe unapata chochote?

Kisha thibitisha jina la muuzaji, mahali alipo na masharti yake ya kurudisha bidhaa. Ikiwezekana, lipa baada ya kuipokea na kuikagua. Hifadhi risiti pamoja na ujumbe wote mliotumiana, kwani ndio ushahidi wako ukitaka kulalamika.

Nawe unapowashauri wengine, eleza uzuri na kasoro, na useme wazi kama unalipwa. Shemeji mwenye nia njema hatachukia kuulizwa maswali hayo. Huenda naye hakuwahi kujiuliza, na majibu yake yakawaokoa jamaa wote waliokuwa tayari kulipa.