Maana ya Ukimya katika Ukusanyaji wa Data kwa Nishati Kidogo: Hali ya Bonde la Usangu, Mbeya

Katika mtandao wa vihisi visivyotumia waya, kinachomaliza betri kwa kawaida ni redio, si upimaji wenyewe. Kielelezo cha Heinzelman, Chandrakasan na Balakrishnan (2000) hukadiria nanojuli 50 kwa kila biti inayotumwa au kupokewa, pamoja na pikojuli 100 kwa biti kwa kila mita ya mraba za kukuza mawimbi. Kwa hesabu hiyo, biti moja ikirushwa mita 100 hugharimu nanojuli 1,050. Ikipitia nodi ya katikati, 650. Itifaki yao ya LEACH hugawa kwa zamu uongozi wa makundi, lakini huchukulia kwamba kila nodi hukifikia kituo kikuu moja kwa moja. Dhana hiyo haisimami Usangu, ambako vipimo vya mito ya Kimani, Chimala na Mbarali vingetenganishwa na kilometa nyingi.

Njia inayofaa zaidi hapo ni kutuma badiliko tu: nodi hupima kina cha maji, kisha hunyamaza hadi tofauti ivuke kiwango kilichowekwa. Majira ya mvua hubana pande zote mbili, kwa kuwa mito hupanda ghafla na mawingu hupunguza umeme wa jua. Kiangazi maji hushuka polepole na redio hulala.

Ugumu wa msingi, hata hivyo, uko kiangazi hichohicho. Maji ya ardhioevu ya Ihefu hutokea kwenye mwamba wa N'Giriama. Yakishuka chini yake, Ruaha Mkuu haupokei kitu kutoka Ihefu. Tangu mwaka 1993 mto huo, unaoelekea mabwawa ya Mtera na Kidatu, umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Nodi ya N'Giriama ikinyamaza mwezi Oktoba, mpokeaji hawezi kujua kama kina hakijabadilika au betri imekwisha.

Ujumbe wa uhai wa biti 200 kila siku, kwa umbali wa kilometa 1, hugharimu kwa kielelezo hicho takriban juli 7.3 kwa mwaka (bila gharama ya kuamsha redio). Betri moja ya AA ya alkali hubeba takriban juli 10,000. Kuuondoa ujumbe huo ili kurefusha uhai wa mtandao ni ubahili usio na faida. Uigaji unaohesabu nodi zilizokufa pekee hauonyeshi hasara hiyo. Unapaswa kuhesabu pia siku ambazo hali ya N'Giriama haikujulikana.