Mwanya: Uzuri au Kasoro?

Binti mwenye mwanya husifiwa na wengi katika nchi zisemazo Kiswahili. Sifa hiyo imefika hata Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 na kupokea wakimbizi wa Kongo, Burundi na Rwanda. Madaktari wa kupanga meno, hata hivyo, huuhesabu mwanya kuwa ni nafasi iwezayo kuzibwa.

Nani basi mwenye haki? Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya jambo hili. Picha za tabasamu zilizobadilishwa kidogo kidogo zilionyeshwa kwa mabingwa wa kupanga meno, madaktari wa kawaida wa meno na raia. Mstari wa katikati ya meno uliposogezwa milimeta 4, mabingwa peke yao waliona kasoro. Meno ya mbele yalipoinamishwa milimeta 2, wote waliona.

Kwa hiyo mzazi asimtie mwanawe haya kwa kasoro ionekanayo na bingwa tu. Wala asimruhusu mtu kuyachonga meno kwa tupa, maana gamba gumu la jino likiondoka halioti tena.

Nyuso zetu zote zina upande uliozidi kidogo. Huo si ugonjwa. Lakini tabasamu likipinda ghafla, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, huenda ni kiharusi. Mkazi wa Dzaleka, kama yule wa Area 18 mjini Lilongwe, asingoje kesho: mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.